Rangi Mbili kwa Kila Mraba

Saa saba na dakika tano mchana, siku ya Alhamisi, muuguzi alibisha hodi kwenye karakana ya kaka yake, akasukuma mlango, akamkuta amelala kifudifudi kati ya meza ya kazi na rafu ya televisheni mbovu. Damu ilikuwa imeganda nyuma ya sikio la kushoto. Akapiga magoti, akaweka vidole viwili shingoni, akahesabu. Vidole vyake vilijua jibu kabla moyo haujalikubali.

Hakupiga yowe. Alipiga simu polisi, kisha akakaa sakafuni ameushika mkono wa kaka yake mpaka walipofika.

Inspekta aliingia saa saba na nusu akiwa na konstebo mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na kalamu isiyotulia. Alitazama kwanza kona ya meza ya chuma, palipokuwa na damu na unywele mmoja wa mvi, ndipo akamgeukia muuguzi.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa akifanya kazi gani?"

"Fundi televisheni. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kula tu. Kazi ya moyo wake ni ile pale."

Alionyesha kibodi nene ya rangi ya kahawia iliyounganishwa na televisheni ndogo. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya zamani, ya enzi ambazo kompyuta zilisoma kaseti kama redio. Marehemu alichukua picha za watu, akazifunika kwa karatasi ya nailoni yenye miraba, akakagua kila mraba kwa kioo cha kukuza, kisha akaichora picha upya ndani ya mashine ile, nukta moja moja. Picha moja iliweza kumla mwezi mzima. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nukta.

"Leo aliniita nije saa saba nione picha ya Mama," muuguzi alisema. "Tulikuwa hatusemezani, Inspekta. Miaka kumi na moja. Jana ndiyo akanipigia simu. Akasema, 'Njoo, mdogo wangu. Kuna kitu nataka ukione, halafu nina msamaha wa kukuomba.'"

"Msamaha wa nini?"

"Mama alikuwa na pumu. Alifariki peke yake nyumbani, siku ambayo zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Mimi nilikwenda kazini nikijua mume wangu yupo. Kumbe aliniaga usiku uliotangulia kwamba angesafiri alfajiri kufuata vipuri, nami nikasahau. Nilisahau kabisa. Kaka aliniambia palepale makaburini, mbele ya watu, kwamba nimemuua Mama."

Inspekta aliandika, kisha akaendelea kukagua chumba. Karatasi ya nailoni ilikuwa mezani, na vipande vinne vya karatasi ya gundi kwenye pembe zake, lakini chini yake hapakuwa na picha. Kaseti moja ilikuwa imefumuliwa, utepe wake umetapakaa sakafuni. Lebo ilisema MAMA. Simu ya marehemu na redio yake ndogo havikuwepo.

"Mwizi huyu, afande," konstebo alisema.

"Mwizi aliyeacha kipima umeme kipya akabeba redio ya betri? Na rafuni kuna kaseti themanini. Kwa nini afumue moja?"

Konstebo akainama kuuokota utepe.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye pini mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine kabla ya kujibu.

"Tuligombana, ndiyo, sitaficha. Ile televisheni yake ilipiga mbinja ya kutoboa masikio. Lakini mtu hauawi kwa mbinja, Inspekta."

"Leo ulisikia nini?"

"Asubuhi nzima kimya. Umeme ulikatika saa mbili na robo, walikuwa wakibadilisha nguzo pale kona. Nikashona kwa miguu mpaka magoti yakaomba talaka. Ulirudi saa tano na dakika arobaini. Najua kwa sababu nilikuwa nimesahau pasi kwenye swichi, ikaunguza suruali ya mteja. Hapo ndipo nikasikia ile kaseti yake ikilia, kriii, kriii. Saa sita nikaenda kula."

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

Fundi alishusha sauti. "Juzi Jumanne alipayukiana na rafiki yake, yule tunayemwita Kaseti. Sauti zilifika barabarani."

Kaseti alikuwa na kibanda cha kuuza redio na kompyuta za zamani mtaa wa pili. Saa tisa kamili Inspekta alimkuta ameinamia kaunta, macho mekundu. Habari ilikuwa imeshamfikia. Konstebo alipopekua mkoba wake, akatoa kaseti yenye mwandiko wa Nukta: MAMA – NAKALA.

"Hii umeitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe jana jioni. Sisi tunaocheza na mashine hizi tunapeana nakala. Utepe mmoja hauaminiki."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Inspekta? Mtu amekufa, na mimi nina kaseti yake mkobani. Wewe ungeniamini?"

"Jumanne mligombania nini?"

Kaseti alitazama chini. "Rangi."

Konstebo akacheka. "Watu wazima na mvi zenu?"

"Cheka tu, kijana. Mashine hii ina rangi kumi na sita, lakini inaruhusu mbili tu kwa kila mraba mdogo. Ya tatu lazima uiache. Kuna mraba mmoja nilimwambia amekosea, inachafua picha. Akanifokea. Kesho yake, jana, alikuja hapa kuniomba radhi, tukakaa hadi jioni. Ukuta ulikuwa wa kahawia, unameza uso wa Mama. Akaugeuza bluu hapahapa, nikitazama. Ndipo akanipa nakala."

"Na kama umeme ukikatika, picha inabaki ndani?"

"Haibaki hata nukta. Inasahau kila kitu. Lazima uipakie tena kutoka kwenye kaseti, dakika kumi nzima."

Wateja wawili walithibitisha kwamba Kaseti hakuondoka kibandani tangu saa nne. Hata hivyo, Inspekta aliichukua ile kaseti na kumwambia asitoke mjini. Kaseti alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeshazoea kutoaminiwa.

Njiani daktari aliyeupima mwili alipiga simu. Nukta alikufa kati ya saa sita na saa saba. Hakufa papo hapo. Baada ya kuanguka aliishi nusu saa, pengine zaidi.

Saa kumi na moja jioni Inspekta alikuwa nyumbani kwa muuguzi. Sebule ilikuwa safi mno, safi kama ya mtu anayeogopa kulaumiwa. Mabinti wawili walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mume wa muuguzi, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, alimletea Inspekta maji, akaketi karibu na mkewe.

"Hata sikuiona," muuguzi alikuwa akilia. "Kaka amenitengenezea picha ya Mama, na hata sikuiona!"

Mumewe alimpapasa mgongo. "Usilie, mama watoto. Mama alitoka vizuri. Amekaa barazani, bluu tupu nyuma yake, anatabasamu kama anataka kukutania. Hata lile pengo la jino kaka yako aliliweka."

Inspekta alinywa maji yake, akaiweka glasi mezani bila haraka.

"Kumbe wewe uliiona?"

"Leo asubuhi. Nilimpitishia dawa yake ya presha, saa tatu hivi. Alikuwa ameiwasha kwenye televisheni."

"Na picha yenyewe, ile ya karatasi?"

"Hapana, hiyo sikuiona. Kwenye televisheni tu. Nilikaa dakika kumi, nikaenda dukani kwangu. Sikutoka mpaka mke wangu aliponipigia."

"Ulikuwa ukimtembelea mara kwa mara?"

"Mara mojamoja. Shemeji ni shemeji. Wao walikuwa hawaongei. Ilibidi mtu mmoja awe daraja."

Inspekta aliandika saa tatu, akapiga mstari chini yake. Kabla hajaondoka alimuuliza muuguzi jambo moja tu: picha ile ilitoka wapi?

"Kaka alisema mpiga picha wa zamani amefunga studio mwezi uliopita, anawarudishia watu picha ambazo hawakuzichukua. Mama alimwita nyumbani ampige hii, hakuwahi kuifuata."

Asubuhi ya Ijumaa Inspekta alifanya mambo matatu. Alipiga simu kwa watu wa umeme. Alipita kwa muuza matairi aliyekuwa jirani na duka la vipuri. Mwisho alimtembelea mpiga picha, mzee aliyekuwa akipakia maboksi, akasoma daftari lake la zamani mstari kwa mstari.

Saa nne walikuwa ofisini kwake: muuguzi, mumewe, na Kaseti, aliyekuja na kompyuta yake na televisheni. Konstebo alisimama mlangoni.

"Nataka mama aione picha," Inspekta alisema. "Ni haki yake."

Muuza vipuri alimtazama Kaseti, kisha ile kaseti. "Si iliharibiwa?"

"Hii ni nakala," Kaseti akajibu.

Utepe ulilia, na picha ikaanza kujichora kutoka juu, mstari baada ya mstari. Bluu ya ukuta. Kioo cha dirisha. Ushungi mweupe. Paji la uso lilipotokea, muuguzi alifunika mdomo. Macho, pua, lile tabasamu lenye pengo. Nukta kubwa kama punje za mchele, lakini alikuwa Mama, hasa.

"Bwana," Inspekta alisema, "jana ulisema uliiona hii saa tatu asubuhi. Tangu saa mbili na robo mpaka saa tano na dakika arobaini mtaa ule haukuwa na umeme. Ukuta wa bluu haukuwepo kwenye picha ya karatasi. Uliiona kwenye televisheni, na uliiona baada ya umeme kurudi. Muuza matairi anasema duka lako lilifungwa kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba kasorobo."

"Nimechanganya saa tu. Msiba, Inspekta. Kichwa hakipo."

"Inawezekana. Kaseti, ule mraba mliogombania ni upi?"

Kaseti aligusa kioo cha dirisha nyuma ya bega la Mama. Kulikuwa na doa jekundu, na mstari mweupe ukilikata katikati. Pembeni yake ushungi wa Mama ulionekana kama umemegwa.

"Hapa. Rangi zilikuwa tatu: nyekundu, nyeupe, na bluu ya kivuli cha kioo. Nikamwambia aache nyekundu, ushungi utoke vizuri. Akasema, 'Hiyo nyekundu ndiyo picha yenyewe.' Sikumwelewa."

Muuguzi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa televisheni.

"Ni tangi la pikipiki," alisema polepole. "Linaonekana kwenye kioo, limesimama uani. Jekundu, na mstari mweupe." Akageuka. "Pikipiki yako. Uliiuza wiki moja baada ya mazishi."

"Pikipiki nyekundu ziko nyingi, mke wangu."

"Daftari la mpiga picha limeandika tarehe," Inspekta alisema. "Ni siku aliyofariki Mama. Saa nne asubuhi. Saa nne, bwana, wewe ulisema uko mji mwingine tangu alfajiri."

Muuza vipuri alisogeza kiti chake nyuma, mbali na televisheni.

"Uliniambia uliniaga," muuguzi alisema. "Ukaniambia usiku ule ulinieleza kila kitu, nami nikaitikia. Unajua nilikwenda kwa daktari kuuliza kama nina ugonjwa wa kusahau? Miaka yote hii naandika kwenye karatasi hata kama nimezima jiko."

"Nilitoka nusu saa tu," alisema, akitazama sakafu. "Rafiki aliniita nikaangalie gari linalouzwa. Mama alikuwa mzima, alikuwa ametoka kupigwa picha, anacheka. Nusu saa ikawa masaa matatu. Niliporudi alikuwa ameshafariki. Nikaogopa. Nikapanda pikipiki, nikaenda mpaka mji wa pili, nikarudi jioni kama msafiri. Baada ya pale... neno likitoka halirudi. Kila siku nilitaka kukwambia."

"Na Nukta?" Inspekta aliuliza.

"Alinipigia juzi. Akasema niende saa sita, nione, na nimwambie dada yake mwenyewe saa saba, mbele yake. Nikamsihi afute ile nyekundu. Nilimpigia magoti. Akasema amemtesa dada yake miaka kumi na moja kwa kosa langu, hafuti hata nukta moja. Nilimsukuma. Nilitaka kaseti tu, Inspekta. Akaangukia kona ya meza."

"Ukafumua kaseti, ukachukua picha, simu na redio."

"Nilivitupa mtoni."

Muuguzi alisimama. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini, ya kuuliza wagonjwa.

"Ulipoondoka, alikuwa anapumua?"

Mumewe alimtazama konstebo pale mlangoni.

"Nimekuuliza. Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa zamu mpaka saa sita na nusu, hatua mia tatu kutoka pale. Ungeniita tu."

Konstebo alimshika mkono muuza vipuri. Alitoka bila kubishana, na mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema neno, lakini mkewe alikuwa ameshampa mgongo. Kaseti alianza kukunja waya zake, akaacha, akaondoka kimya akiiacha mashine ikiwaka.

Inspekta alimsogezea muuguzi kiti. Muuguzi hakukaa. Aliomba maji, akanawa uso kwenye beseni la kona, akajifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Mabinti zangu wanatoka shule saa saba," alisema. "Mdogo ana miaka tisa."

"Naweza kumtuma askari wa kike aende nawe. Au shangazi yao?"

"Hapana. Watasikia kwangu, wala si kwa jirani." Alinyoosha upindo uliolowa. "Na nitawaambia yote. Nyumbani kwangu hakuna mtu atakayeambiwa tena kwamba alisahau."

Alichukua mkoba wake, akatoka.