Hodi ya Tatu

Kizingiti cha nyumba ya Loisi kilikuwa kimelowa, na ilikuwa Julai. Julai ya Ihanda haina mvua. Ina baridi ya kuuma mifupa na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chungu cha chumvi. Loisi alipangusa maji, akawasingizia mbuzi, akaenda kuanika kahawa.

Kesho yake kizingiti kililowa tena. Safari hii palikuwa na alama za viatu vizito zilizoelekea mlangoni, na hapakuwa na alama hata moja ya kurudi. Hewa ilinuka blanketi bichi na moshi wa taa ya mgodini. Loisi aliitambua harufu ile, kwa kuwa alikuwa ameiandika yeye mwenyewe.

Mke huyu wa mwalimu Damiano alikuwa na kipaji chake. Wanawake wakikusanyika kwake kuchambua kahawa, aliwasomea hadithi aliyoitunga: mume kaenda migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, kakaa miaka bila salamu, mkewe kajizoesha kuishi. Siku ya mvua mume akarudi, panga limefungwa ndani ya blanketi. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena.

Hapo Loisi aliweka kalamu chini, hamu ikamwisha. Si kwamba alikosa maneno. Alijua mtu yule akiingia atafanya nini, na hadithi za namna hiyo alikuwa amezisikia hadi zikamkinaisha, nyingine zikitoka ng'ambo ya ua, katika vilio vya usiku vya jirani yake Elina, tangu mume wa Elina arudi kutoka mgodini. Akazichomeka karatasi darini.

Lakini mgeni hubisha mara tatu. Asipoitikiwa ya tatu, huenda zake, wala hakuna wa kulaumiwa. Yule alikuwa amebisha mbili tu.

Jioni ile, maharage yakiwa jikoni, sauti nzito ilisema nje, "Hodi."

Binti yao Yunisi, mtoto aliyefunzwa adabu, akafungua kinywa. "Kari—"

Loisi alimziba mdomo kwa kiganja. Sauti ikabisha tena, kisha ikanyamaza, ila mtu hakuondoka. Walimsikia akipumua hadi usingizi ulipowachukua.

Damiano, mzee wa kanisa, alimeza aibu yake akamleta mganga Ambilikile kutoka Chapwa. Mganga aliegemeza baiskeli, akainama, akanusa kizingiti.

"Jini hana sura, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu alikuwa anajipitia zake. Kakuta sura ya mtu imeachwa mlangoni, haina mwenyewe, akaivaa. Mwandike ameingia, amekula, amelala. Akipata pa kukaa atatulia."

"Mama Yunisi, andika tu," Damiano alinong'ona. "Mistari miwili. Nakuomba."

"Yule ana panga, baba Yunisi. Nimempa mimi."

"Basi mnyang'anye."

"Nikimnyang'anya atabaki na mikono." Loisi alimgeukia mganga. "Shikamoo yako nimekupa, mzee wangu, na chai umekunywa. Lakini mtu niliyemchoka simkaribishi kwa sababu ya kutishwa. Nyumba ni yangu na hadithi ni yangu."

Jua lilipozama alimpakata Yunisi, akamwonya mumewe asitoe hata kikohozi. Hodi ya kwanza ikaja, ya pili ikafuata, kisha yule wa nje akanyamaza kwa ujanja, maana alijua ya tatu ndiyo itakayomfukuza, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, yakalowanisha gunia la kahawa, yakazifikia nyayo za Loisi yakiwa ya baridi, na komeo likatikisika, na ile sauti ikajigeuza ikawa ya marehemu mama yake, ikimlilia kuwa nje ni baridi, mwanangu, sema neno moja tu, na mtoto akafurukuta chini ya kiganja chake, na Damiano akafumba macho akisali bila sauti.

Loisi aliogopa, akambana Yunisi kifuani. Ndipo hasira ikampanda. Muda wote huo alikuwa amemwandika mtu wa nje. Mwanamke aliyekaa ndani, akisikiliza, hakuwahi hata kumpa jina. Hamu ikamrudia hapo hapo. Akazitoa karatasi darini kwa mkono mmoja, akaandika: *Akabisha mara ya tatu.*

Kisha, kama mtu anayetolewa jino, sauti ikasema, "Hodi."

*Roda,* aliandika Loisi, *hakuitikia. Mgeni akaenda zake.*

Viatu vizito vikageuka. Vikashuka njia ya mibuni, taratibu, mpaka visisikike tena. Loisi akampa Yunisi busu, akapakua maharage.

Siku ya kuchambua kahawa aliisoma hadithi hadi mwisho. Wanawake walipiga vigelegele. Elina peke yake alikuwa ameinama. Upindo wa kanga yake ulikuwa umelowa, na ulinuka blanketi bichi.

"Dada Loisi," alinong'ona wenzake walipoondoka. "Na kama Roda alishasema karibu?"

Hofu ilimrudia Loisi, hakuificha. Kisha akasogeza kigoda, akachovya kalamu.

"Kaa hapa," alisema. "Hiyo nayo tutaiandika. Na leo kwako hulali."