Vidonge Vipya vya Mwanabaraka

Mwaka wa 1947, katika mtaa wa Kuze, Mwanabaraka alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za nakshi za vitundu. Kila asubuhi, akishauza mahamri na mbaazi, huketi uani akashona. Lakini siku hizo mkono wa kushoto haukuinuka vizuri. Kwenye titi la kushoto alikuwa na uvimbe mgumu kama kungumanga. Hospitali walimwambia ni saratani, tena imekwisha kufika kwapani. Kisu peke yake hakitatosha. Daktari akamwomba aingie katika majaribio ya vidonge vipya.

Wifi yake, Nana, alishika kichwa.

"Majaribio! Wifi, hao ni mumiani! Watakunyonya damu waifanye dawa."

"Nyamaza, Nana."

"Haya, nenda. Sanda nitakukatia mimi."

Tangu hapo, akisikia hodi, Mwanabaraka hujificha nyuma ya pazia, akidhani ni watu wa hospitali. Hapo ndipo alipokutwa na jirani yake Mejumaa, muuguzi wa hospitali.

"Bi Mwanabaraka, miguu yako naiona."

Akatoka kwa haya. "Hebu niambie kweli, mwanangu. Majaribio ni nini?"

Mejumaa akaketi mkekani. "Vidonge hivi vimesaidia wanawake kadhaa. Lakini hatujui bado kama vyashinda matibabu ya zamani. Basi hupigwa kura. Wengine wapata vidonge, wengine wapata matibabu ya zamani. Hakuna aachwaye bila tiba. Kisha twalinganisha. Wewe ukipata nakshi mpya ya kofia, si huijaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu?"

"Kumbe mimi ndimi kitambaa!"

Mejumaa akamsogelea. "Hatari ipo, sikufichi. Vyaweza kukutapisha, na huenda visikufae. Lakini kitambaa hakiulizwi, bibi. Wewe waulizwa. Ukikataa, utatibiwa vilevile. Ukiingia ukachoka, sema basi, nasi tutaacha."

"Na damu?"

"Kichupa kidogo cha kupimia. Utakitazama kwa macho yako."

Alikwenda. Kura ya vidonge vipya ikamwangukia. Alitapika juma zima. Hakuficha, alimwambia Mejumaa, na daktari akapunguza kipimo. Kila mwezi uvimbe ulipimwa. Ramadhani ilipofika, ulikuwa umenywea, na mkono wa kushoto aliweza kuuinua tena. Daktari hakumwambia amepona. Alimwambia, "Uvimbe umerudi nyuma, na bado tutauangalia. Tunayojifunza kwako yatawafaa na wengine."

Asubuhi moja Nana aliingia, akafunga mlango kwa komeo.

"Wifi, nishike hapa."

Mwanabaraka akagusa titi la wifi yake, akakuta uvimbe mgumu. "Tangu lini?"

"Kabla yako."

"Na maneno yote yale ya mumiani?"

"Nilikuwa nikijitisha mwenyewe, nisiende."

Mwanabaraka hakumcheka. Alivaa buibui lake, akamshika mkono.

"Twende sasa hivi. Uliza kila unaloliogopa. Ukishajibiwa, ndipo uamue."

Nana akafungua komeo.