Samaki Aliyepimwa kwa Futi ya Fundi

Wewe hapo, usikunje pua. Unasema samaki hapimwi kwa futi ya fundi? Nani kakwambia? Ulikuwepo?

Hukuwepo. Basi kaa kitako, funga mdomo, fungua masikio. Ukibisha tena utasimuliwa na ukuta.

Haya. Mjini Tabora palikuwa na mtoto. Jina lake Nyamizi. Miaka yake sita. Meno ya mbele hana.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, Fundi Mihayo. Asubuhi mpaka jioni cherehani yake ilisema: tika-tika-tika-tika!

Siku moja jirani yao akahama. Akabeba kitanda. Akabeba sufuria. Akabeba hata ufagio. Samaki wake hakumbeba.

"Mchukue wewe, Nyamizi," akasema jirani. Akampa chupa ya achari. Achari haimo. Ndani yumo samaki mdogo, rangi ya chungwa lililoiva.

Nyamizi akamwita Chungwa. Ulitaka amwite nani? Mbuzi?

Chungwa akapanda juu ya maji. Akafungua mdomo. Pwa. Pwa. Pwa.

Akashuka. Akapanda tena. Pwa. Pwa. Pwa.

"Baba, anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anatafuta hewa. Chupa ina mdomo mwembamba, hewa haiingii ya kutosha."

Baba akasimamisha cherehani. Akamtazama binti yake.

"Sikiliza, mama. Chupa si nyumba. Akikaa humo atakufa. Leo tunakwenda dukani kwa Mzee Nassoro, muuza samaki wa mapambo. Tukipata tangi, Chungwa ni wako. Tukikosa, tunamwacha dukani na samaki wenzake."

"Tangi kubwa, baba?"

"Tangi la shilingi elfu kumi na tano. Ndiyo iliyopo. Nimeitazama tangu juzi, haizai."

Nyamizi hakulia. Machozi hayanunui kitu. Nyamizi akafikiri. Akafikiri mpaka nywele zikamwasha.

"Tutaliweka wapi?" akauliza.

"Hapa kwenye cherehani. Nishone huku namwangalia."

Nyamizi akaweka chupa juu ya meza ya cherehani. Baba akakanyaga. Tika-tika-tika-tika!

Meza ikatetemeka. Maji yakatetemeka. Chungwa akakimbilia chini, macho yamemtoka.

"Hapa hapana," akasema Nyamizi. "Atadhani dunia inavunjika kila siku."

Baba akaguna. Akatazama meza yake nyingine, ile ya kukatia vitambaa. Hiyo imetulia kama ng'ombe aliyeshiba.

"Haya. Nakupa kona ile. Inchi kumi na mbili tu. Ukizidisha kidole kimoja, nitakatia suruali za watu sakafuni."

Nyamizi akachukua futi ya baba, ile kamba laini yenye namba inayopima viuno vya watu. Akaivaa shingoni, kama fundi mwenyewe.

Sasa sikiliza vizuri, wewe uliyebisha.

Nyamizi alikuwa mtoto wa fundi. Alijua jambo moja. Ukitaka kushona suruali, unampima mvaaji. Ukitaka kushona gauni, unampima mvaaji. Na ukitaka nyumba ya samaki?

Unampima samaki! Sasa ulidhani nini?

Akaweka futi kwenye kioo cha chupa. "Simama wima, mteja," akamwambia Chungwa.

Chungwa hakusimama. Akazunguka. Akageuka. Akaonyesha mkia.

"Mteja msumbufu huyu," akasema Nyamizi. Lakini akampima. Mdomo mpaka mkia, inchi mbili. Akaongeza inchi moja ya pindo, kama baba anavyofanya. Jumla, inchi tatu.

Wakaondoka. Baba mbele. Nyamizi nyuma, amekumbatia chupa. Maji: chwa, chwa. Chungwa: pwa, pwa.

Mzee Nassoro alikaa mlangoni mwa duka lake. Kofia kichwani, kalamu sikioni.

"Shikamoo babu," akasema Nyamizi.

"Marahaba. Nani huyo umemleta? Anakwenda achari?"

"Haendi achari! Ni Chungwa. Anatafuta nyumba."

"Basi mmefika. Nyumba ziko hapa."

Kweli zilikuwepo. Mbele palikuwa na tangi lenye taa. Lina pampu, maji yanachemka mapovu: blu, blu, blu! Lina jumba dogo lenye madirisha, na mawe ya rangi saba.

Nyamizi akaacha mdomo wazi, kama Chungwa.

"Hilo elfu sabini," akasema Mzee Nassoro.

Baba akakohoa. Nyamizi akafunga mdomo. Wakasogea.

Pembeni palikuwa na bakuli la kioo, la mviringo kama boga. Linang'aa. Ukilitazama, uso wako unakuwa mpana na pua inakuwa kubwa.

"Hili elfu kumi na tano kamili," akasema Mzee Nassoro. "Watu wanaligombania."

"Hela zote, baba," akanong'ona Nyamizi. "Na chakula je? Chungwa atakula nini?"

"Atakula uzuri wa bakuli," akasema baba.

Nyamizi akafikiri. Akafikiri mpaka nywele zikamwasha. Akatazama mdomo wa bakuli. Mwembamba. Akatazama mdomo wa chupa. Mwembamba. Chungwa yupo juu: pwa, pwa, pwa.

"Hili ni chupa iliyonenepa," akasema. "Hapana."

"Mtoto gani huyu!" akasema Mzee Nassoro. "Mdomo hauna meno lakini unauma."

Ndipo Nyamizi akaona kitangi kidogo, kidogo kama boksi la chaki. Akavuta futi shingoni. Akapima. Inchi nne!

"Baba! Chungwa ni inchi tatu na pindo lake. Hiki kitamkaa vizuri sana! Hakibani, hakipwayi."

"Elfu nne tu," akasema Mzee Nassoro haraka. "Na mabaki ya hela mnakwenda kunywa chai."

 Baba huyo alikuwa na tabia moja. Mtoto akitaka kukosea jambo dogo, anamwacha akosee, mradi hela bado ipo mfukoni.

"Kwanza ajaribu," akasema baba. "Mteja hujaribu nguo kabla ya kulipa."

Mzee Nassoro akatia maji kitangini. Akamhamisha Chungwa kwa kikombe. Chubwi!

Chungwa akaenda mbele. Mdomo ukagonga kioo. Ti! Akataka kugeuka. Mkia ukagonga kioo. Ti!

Akasimama. Hakwenda mbele. Hakwenda nyuma. Akabaki ametulia tuli, kama picha ya samaki.

"Umeona? Kimemkaa," akasema Mzee Nassoro.

Kilimkaa kweli. Nyamizi hakufurahi.

Akaweka kidole kwenye kioo. Chungwa hakukifuata. Alikuwa hana pa kupita.

Nyamizi akafikiri. Akafikiri mpaka nywele zikamwasha. Akajikuna. Akafikiri tena.

"Baba, shati likimkaa mtu vizuri, mtu anatembea nalo, siyo?"

"Ndiyo."

"Akienda sokoni, shati linakwenda sokoni."

"Ndiyo."

"Lakini tangi haliendi. Tangi linakaa mezani. Anayekwenda ni Chungwa."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. "Enhe."

"Basi nimepima vibaya. Nimempima amesimama. Ningepima anakotaka kwenda."

 Mzee Nassoro akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Haya, mwenye akili," akasema. "Kubwa lina taa, hamliwezi. La mviringo hulitaki. Dogo hulitaki. Mwache samaki hapa. Nitamtia kwenye lile tangi na wenzake ishirini. Hatakuwa mpweke."

Akamrudisha Chungwa kwenye chupa. Akanyoosha mkono kuichukua.

Nyamizi akaikumbatia chupa. Akaikumbatia kwa mikono miwili na kidevu.

"Baba," akasema polepole.

"Tulikubaliana, mama," akasema baba. Sauti yake haikuwa kubwa.

Chungwa akapanda juu. Pwa. Pwa. Pwa.

Nyamizi akatazama chini, ili watu wasimwone macho. Na huko chini, chini ya meza ya duka, akaona vitunguu.

Vitunguu vimejaa ndani ya kitu. Kitu kina pembe nne. Kina vumbi. Kina mdomo mpana. Kitu ni cha kioo!

"Babu, lile ni nini?"

"Lipi? Lile? Hilo ni kapu langu la vitunguu."

"Kapu la kioo?"

Mzee Nassoro akajikuna shingo. "Zamani lilikuwa tangi. Limemeguka pembe. Nani atanunua tangi lililomeguka pembe?"

Nyamizi tayari alikuwa amepiga magoti na futi yake. Urefu, inchi kumi na mbili. Akapima tena. Kumi na mbili! Kona ya meza ya baba, kumi na mbili.

"Chungwa atakwenda mara sita," akasema, akihesabu vidole, "ndiyo afike mwisho. Halafu atageuka."

"Bei gani kapu la vitunguu?" akauliza baba.

"Elfu kumi na nne."

"Limemeguka pembe, mzee wangu."

"Pembe ya juu! Maji hayafiki huko."

"Linanuka vitunguu."

"Elfu kumi na mbili, na kopo dogo la chakula cha samaki elfu mbili. Mkikataa, vitunguu vyangu vinabaki humo."

"Likivuja je?" akauliza Nyamizi.

Swali zuri. Watu wazima wawili walikuwa wamelisahau.

Mzee Nassoro akamwaga vitunguu. Akaosha tangi kwa maji na chumvi. "Sabuni msitie kamwe," akasema. "Sabuni ikibaki kidogo tu, samaki amekwisha."

Akatandaza gazeti kavu. Akaweka tangi juu yake. Akajaza maji. Wakakaa kusubiri.

Gazeti kavu? Kavu.

Wakasubiri. Muuza karanga akapita. Gazeti kavu? Kavu.

Wakasubiri tena. Gazeti kavu? Ah! Doa la maji!

Nyamizi akashika kichwa. Baba akainama. Mzee Nassoro akainama. Vichwa vyao vikagongana: ko!

"Ni kiwiko chako, mtoto wewe!" akafoka Mzee Nassoro. "Umekichovya kwenye maji, sasa kinadondosha!"

Nyamizi akafuta kiwiko. Wakabadilisha gazeti. Wakasubiri mpaka jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine.

Gazeti kavu? Kavu kabisa.

Baba akalipa. Ikabaki shilingi elfu moja. Wakanunua karanga.

"Mkifika, msitie maji ya bomba moja kwa moja," akasema Mzee Nassoro. "Yana dawa. Yalazeni kwanza kwenye ndoo."

"Yamelala tangu Alhamisi," akasema baba. Mtaani kwao bomba lilikuwa likikauka kila baada ya siku mbili, kwa hiyo ndoo zote zilikuwa zimejaa. Watu wa mtaa walikuwa wanalalamika. Siku hiyo Nyamizi hakulalamika.

Wakaliweka tangi kwenye kona ya meza ya kukatia. Likakaa sawasawa. Wakajaza maji ya ndoo. Wakaegesha chupa ndani ya maji hayo, mpaka ubaridi wa chupa na wa tangi ukawa mmoja.

Kisha Nyamizi akaiinamisha chupa. Polepole. Chubwi.

Chungwa akasimama. Akatazama mbele. Akaenda.

Akaenda. Akaenda. Akaenda mpaka mwisho. Akageuka, mkia haukugonga kitu. Akarudi.

Nyamizi akasubiri apande juu kutafuta hewa. Hakupanda. Akasubiri tena. Hakupanda.

"Hana shida na hewa," akanong'ona.

"Hana," akasema baba. "Basi anakaa. Ni wako. Maji ni juu yako, chakula ni juu yako. Mimi ni fundi, si mchunga samaki."

Lakini baba huyo huyo akachukua kipande cha neti. Akakaa kwenye cherehani. Tika-tika-tika-tika! Akashona kifuniko chenye mpira, Chungwa asije akaruka nje.

Giza likaingia. Nyamizi akaletewa ugali na maharage. Akala akitazama tangi. Akanawa akitazama tangi.

"Sasa kalale," akasema baba.

"Namwangalia kidogo tu."

"Huyo hatoroki."

"Baba, Chungwa analalaje? Mbona hafumbi macho?"

"Hana kope za kufumba. Anatulia tu, ndiyo kulala kwake."

Nyamizi akafikiri. Safari hii nywele hazikumwasha. Akapiga miayo. Akalaza shavu juu ya meza ya kukatia, na Chungwa akatulia upande wa pili wa kioo. Baba akambeba mtoto, akampeleka kitandani. Hakuamka.

Imekwisha. Usiniulize Chungwa aliishi miaka mingapi. Aliishi.

Na usiniambie unataka samaki. Kwanza osha miguu bila kuambiwa, halafu tutazungumza.

Samaki hana kope. Wewe unazo mbili, zimekaa bure. Zifumbe.

Taa nimezima. Shuka iko miguuni pako, ivute mwenyewe. Mimi huyo natoka.

Mlango: kwaa!