Sekela na Ufizi wa Kashata

Sekela alikaa na bibi yake huko Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Alikuwa na mtoto wa mbwa. Jina lake Kashata.

Siku hizo Kashata hakucheza. Alilala kwenye gunia lake kando ya jiko.

"Kashata, twende tukacheze."
Kashata akalala tu. Huu... huu...

Bibi aliinua mdomo wa Kashata polepole. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama ugali.

"Mjukuu wangu, damu imempungua huyu," Bibi alisema. "Nikimaliza kufua, tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

Sekela akawaza. Mama alipokuwa mjamzito, Bibi alimpa juisi nyekundu ya maua ya rozela. Alisema inaongeza damu.

Sekela akamimina juisi kwenye kibakuli. Lap, lap. Kashata akaonja kidogo, akaacha.
Sekela akampaka mdomoni kwa kidole. Iliyobaki akanywa mwenyewe.

Ufizi ukawa mwekundu. Sekela akafurahi sana.

"Kashata, twende tukacheze."
Kashata akalala tu. Huu... huu...

Bibi akaanika nguo, akambeba Kashata kwenye kikapu. Wakaenda.

Daktari Atupele aliangalia ufizi. Akashangaa. Ufizi ni mwekundu, mbona mbwa amechoka hivi?

Sekela akatazama miguu yake. Kama angenyamaza, Daktari asingejua.

"Daktari, nilimpaka rozela."

Daktari akachukua pamba yenye maji. Futa, futa. Ufizi ukawa mweupe tena.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Rozela imepaka rangi juu tu. Damu iko ndani."
Kisha akacheka. "Na wewe hebu toa ulimi."
Sekela akatoa ulimi. Mwekundu. Bibi naye akacheka.

Daktari akachukua tone la damu, akalipima. Kweli, damu ilikuwa imepungua.
Akapekua manyoya. Ruka, ruka. Viroboto. Wengi mno.
"Hawa ndio wanaokunywa damu yake," alisema.

Kashata akapata dawa ya viroboto na dawa ya kuongeza damu. Nyumbani, Bibi akachemsha maji, akafua lile gunia. Sekela akamlisha Kashata maini, kila siku kidogo kidogo.

Siku zikapita. Jioni moja Sekela akainua mdomo wa Kashata. Ufizi ulikuwa wa pinki, na hakuna aliyeupaka kitu.

Kashata akaruka, akakimbia na ndara ya Bibi. Tipu tapu, tipu tapu, mpaka chini ya kitanda.

"Haya, wachezaji," Bibi alisema akizima taa. "Uwanja umefungwa. Laleni."