Msichana wa Leni ya Nne

Hiki ninachotaka kukusimulia hutakiamini, haki ya Mungu. Kanisa zima lilisimama kumpigia makofi msichana mmoja kwa jinsi alivyoogelea kwenye video, na aliyekuwa anaogelea kwenye ile video si yeye. Na yeye alijua. Tena kipaza sauti alikuwa nacho mkononi. Ngoja, nianze mwanzo.

Falonne ana miaka kumi na saba, wazazi wake ni Wakongo waliohamia kusini mwa Afrika, anakaa mtaa wa Malvern, kwenye flati nyuma ya Jules Street. Kila siku anaamka kabla jua halijatoka, anavaa trakisuti juu ya nguo ya kuogelea, anapanda teksi mpaka shule na kuingia majini wakati wenzake bado wamelala. Jioni anapitia saluni ya mama yake. Mama Clémentine anasuka, Falonne anamchambulia rasta na kumpa fungu kwa fungu, na ule mkono wa pili hauachi simu. Anawaandikia makocha wa Amerika.

Maana mambo yenyewe yako hivi. Vyuo vya Amerika vinachukua vijana wanaojua kuogelea na kuwalipia masomo. Lakini hakuna kocha atakayekuja Malvern kukutafuta. Unamwandikia wewe mwenyewe: jina langu fulani, muda wangu huu, alama zangu za shule hizi, na video yangu hii hapa. Halafu unasubiri. Falonne alikuwa ameandika mpaka vidole vikauma. Wengi hawakujibu. Waliojibu, ukisoma unaona kabisa ni kompyuta imejibu. Na kila baba yake, Papa Évariste, akitoka lindo kule Midrand, kabla hata ya kuvua buti anauliza Amerika wamesemaje. Bila ule ufadhili chuo hakipo. Hilo nyumbani lilijulikana, wala halikuhitaji kusemwa.

Sasa, ile video. Ilikuwa ya mashindano ya mita mia, kuogelea chali. Falonne leni ya nne, yaani njia ya nne majini, na leni ya tano rafiki yake Masika, wa shule hiyo hiyo, kofia nyekundu hiyo hiyo, miwani ile ile. Mama Clémentine alichelewa kutoka saluni, viti vya mbele vikawa vimejaa, akaenda kukaa upande wa pili wa bwawa, kule waogeleaji wanakogeukia. Akaanza kupiga video kutoka huko, mbio zikiwa zimeshaanza. Tena kabla mbio hazijaisha simu yake ikajaa, video ikakatika. Falonne aliituma hivyo hivyo, akaandika: mimi niko leni ya nne.

Siku moja, katikati ya kusuka, barua pepe ikaingia kwenye simu. Kocha wa chuo kimoja, mtu kabisa, siyo kompyuta.

"Falonne, nimekuona leni ya nne. Unavyotoka ukutani na kukaa chini ya maji, sijaona kwa msichana wa umri wako. Nina nafasi moja. Tuzungumze."

Mama alipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuwa anasukwa akashika kichwa. Falonne akaifungua video aitazame tena, aone ni kitu gani kimempendeza huyu kocha. Akaona waogeleaji wanafika ukutani, wanageuka, na mmoja anazama chini na kwenda, anakwenda, mwili mzima unacheza kama samaki, wenzake wote wameshaibuka na yeye bado yuko chini. Akairudisha nyuma, akahesabu leni.

Yule alikuwa Masika.

Kocha alidhani mpigaji video yuko upande wa kuanzia, akahesabu leni kutoka kulia, kama wanavyohesabu siku zote. Lakini mama alikuwa upande wa pili. Bwawa lina leni nane, na ukihesabu hivyo ukiwa upande wa pili, wa nne ni yule wa leni ya tano. Kweli, mwishoni Falonne alimpita Masika, kwa sababu Masika huwa anaishiwa pumzi mita za mwisho. Muda alioutuma ulikuwa wake halali. Lakini kule kuteleza chini ya maji hakukuwa kwake hata kidogo, na kocha alichokuwa anakitaka ni hicho.

Angeweza kusema pale pale. Kosa lilikuwa la kuhesabu tu, hakuna aliyekuwa amedanganya bado. Lakini mama alikuwa tayari amempigia baba simu, na baba amewaambia walinzi wenzake wote wa getini. Falonne akaandika: "Asante sana, kocha. Nimefurahi."

Basi, hapo ndipo alipoingia mtegoni, na mlango ameufunga mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na pa kupumulia. Saluni, wateja wanamwita Mwamerika. Muuza mboga wa kona anamwongezea nyanya bure. Shuleni Kocha Bakiri, Mtanzania wa Tanga, mtu ambaye kukusifia ni mpaka uwe umevunja rekodi ya nchi, alimshika bega akasema tu, "Safi, mwanangu." Falonne akatamani maji yamfunike. Usiku akiota, anaota yuko chini ya bwawa, anaona mwanga juu, lakini kila akipanda mwanga nao unapanda.

Halafu kocha wa Amerika akaandika tena. Jumatatu wangeongea kwa video, yeye na wazazi. Kabla ya hapo atumiwe video fupi, ya karibu, ya Falonne akitoka ukutani.

Falonne alijaribu. Alijisukuma ukutani mpaka miguu ikawaka, na kila mara akaibuka mapema, anatapatapa kama kuku aliyemwagiwa maji. Ndipo wazo likamjia, na hata sasa akilikumbuka anafunika uso. Alimwomba Masika aogelee yeye, amrekodi. Ili nijifunze, akamwambia.

Masika, sijui nikwambie nini kuhusu huyu mtoto. Hakuuliza hata swali moja. Alirudia na kurudia, akatoka majini midomo ikitetemeka kwa baridi, akamwonyesha Falonne namna ya kubana mikono masikioni na kuanzisha wimbi kutoka kifuani. "Usipige magoti tu, Falo. Acha mwili wote ucheze. Kule Amerika usituaibishe." Akacheka, akajifunika taulo. Kwenye simu ya Falonne kukawa na msichana mwenye kofia nyekundu na miwani, uso hauonekani, anateleza chini ya maji vizuri ajabu. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza tuma.

Kidole kilikaa juu ya kioo. Hakubonyeza. Hakufuta pia.

Jumapili kukawa na ibada ya shukrani. Kanisa lao liko ghorofani, juu ya duka la matairi, na jambo jema likikupata Wakongo hawakuachi ulifiche. Lazima usimame mbele utoe ushuhuda. Mama alikuwa ameshona nguo mpya, yeye na binti yake kitambaa kimoja. Papa Évariste alibadilishana zamu ili awepo. Hata Kocha Bakiri, ambaye ni Mwislamu, alialikwa akaja, akaketi nyuma karibu na mlango na trakisuti yake iliyopigwa pasi. Masika alikuwa kwenye kwaya.

Falonne akadhani atasema asante Yesu, atakaa, yaishe. Hakujua kwamba mama alikuwa amempa Parfait, kijana wa mitambo, ile video ya mashindano. Mchungaji Octave akamkabidhi kipaza sauti, taa zikapunguzwa, na bwawa likatokea ukutani, kubwa kama nyumba.

Sauti ya mama kwenye video ilikuwa inapiga kelele, "Falonne, kaza, mutoto yangu!" na watu wakaanza kucheka na kushangilia kana kwamba mbio zinaendelea hapo hapo. Waogeleaji wakafika ukutani. Yule mmoja akazama. Parfait akaisimamisha picha. Mchungaji, aliyekuwa amesomewa barua ya kocha, akaelekeza kidole: huyu ndiye aliyewashangaza Wamarekani. Kanisa zima likasimama. Makofi, vigelegele, ngoma ikalia.

Na kwenye kwaya Masika alikuwa anaangalia skrini, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu aliyesikia anaitwa jina na hana hakika. Akatazama skrini. Akamtazama Falonne. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwake, ila halikuwa linajua tena liende wapi.

Fikiria uko pale. Mama yako analia kwa furaha. Baba yako, ambaye hajawahi kucheza kanisani, anacheza. Ukisema asante ukakaa, Masika peke yake ndiye anayejua, na Masika ni rafiki yako, huenda asiseme. Falonne aliufungua mdomo aseme asante. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Huyo si mimi," alisema. "Mimi ni huyu wa pembeni yake. Huyo ni Masika."

Ngoma ikaendelea kidogo kisha ikafa. Kuna aliyecheka, akidhani ni mzaha. Falonne akaeleza yote, palepale, kwenye kipaza sauti: hesabu ya leni, barua, video ya pili iliyokuwa kwenye simu yake. Alipomaliza, baba yake alikuwa amekaa na kuangalia viatu vyake. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa kilekile kipya.

Masika hakupiga kelele. Alimkuta Falonne kwenye ngazi, chini, kwenye harufu ya matairi, na alichouliza hakikuwa kile Falonne alichokuwa anakiogopa.

"Kumbe mtu anajiandikia mwenyewe? Mimi nilidhani wao ndio wanachagua."

Falonne akakubali kwa kichwa.

"Mwaka mzima tunaogelea leni kwa leni, Falo. Na hukuniambia."

Akaondoka. Wiki mbili hakumsemesha.

Jioni ile ile, saluni imefungwa, Falonne, mama na Kocha Bakiri wakakaa kwenye viti vya wateja wakaandika Amerika. Hawakupamba. Aliyekupendeza ni Masika, wa leni ya tano. Nilijua nikanyamaza. Muda niliokutumia ni wangu, mengine si yangu. Safari hii alibonyeza tuma, kisha akaifuta ile video nyingine. Mama alikuwa bado na hasira, hasira kweli, lakini alimvuta kichwa akamwegemeza tumboni kwake, wakakaa hivyo.

Simu ya Jumatatu haikuja. Siku zikapita. Hatimaye jibu likaja, fupi. Kocha alishukuru kwa ukweli. Muda wa Falonne ni mzuri, alisema, lakini nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu anayeweza kutoka ukutani namna ile. Kama rafiki yako anapenda kuongea nami, mpe anwani yangu.

Falonne aliibeba ile simu mpaka Turffontein, kwa kina Masika, akampa aisome mwenyewe. Halafu akakaa naye mezani akamfundisha: alama za shule zinaandikwaje, muda unaandikwaje, video ipigwe kutoka wapi. Masika aliandika bila kumtazama usoni. Lakini hakumfukuza. Walipomaliza mama yake Masika alileta chai, na vikombe vilikuwa viwili.

Miezi michache baadaye Masika alipata ile nafasi. Habari zilifika asubuhi, bwawani. Wasichana wote walimrukia, hata Falonne, na alimkumbatia kwa moyo. Kisha alitoka akaenda nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo akalia. Kocha Bakiri alimfuata, akasimama karibu naye mikono mfukoni, akamwacha kwanza amalize.

"Inauma," alisema Falonne.

"Inauma, ndiyo. Ilikuwa lazima iume." Kocha akamgeukia. "Hebu niambie. Ungefika kule kwa ile video. Asubuhi ya kwanza kocha anakwambia, ingia tuone. Ungefanyaje?"

Falonne akajifuta uso kwa taulo.

"Miaka minne wangekuwa wanamsubiri Masika, na kila siku anatokea Falonne. Ungeishi unajificha ndani ya maji, mahali pekee unapopapenda. Uongo ndiyo kazi yake hiyo, mwanangu. Unakupa mahali, halafu unakunyima kuwa wewe ukifika. Sasa hivi hujapata chuo, sawa. Lakini ukiingia kwenye lile bwawa, anayeingia ni wewe. Na wewe nakujua, mita za mwisho hakuna anayekuweza. Tutapiga video ya mita za mwisho."

Wakaipiga wiki ile ile, Kocha Bakiri mwenyewe kashika simu, kasimama upande wa kuanzia. Chuo kimoja kidogo, ambacho hata Falonne ilibidi akitafute kwenye ramani, kimejibu. Kimeomba alama zake za shule, na alama anazo. Bado hawajasema ndiyo. Anasubiri, lakini siku hizi analala usingizi wa kawaida, na Masika ameanza tena kumwita Falo.

Sasa wewe unayesoma, nijibu bila kujipendelea. Kipaza sauti kiko mkononi mwako, baba yako anacheza, na unajua kabisa ukisema ukweli nafasi inaweza kwenda kwa rafiki yako. Ungesema nini?