Suruali ya Eerik Kwenye Msumari

"Theluji imefika mlangoni," sauti ilisema kwenye simu.

Osmo Vihanta alielewa. Dressler, mtu waliyekuwa wakimvizia, alikuwa ameingia saunani. Hapakuwa na muda wa kubishana, lakini alibishana.

"Niruhusu nimwambie Eerik."

"Hapana. Hatujui kama na yeye yumo kwenye njama."

"Mimi najua. Mwaka mzima nakaa naye."

"Ndiyo maana hatukuulizi wewe. Chukua ufunguo."

Simu ikakatwa.

Alikuwa peke yake kwenye chumba cha kuvulia nguo, katika sauna, nyumba ya kuogea mvuke, ya wapenzi wa simu ya Halla, kando ya ziwa, Tampere, Ufini. Suruali za watu zilining'inia kwenye misumari. Hakuna kabati, hakuna kufuli. Watu wa kule hufunga hata baiskeli mbovu, lakini chumba cha sauna hakifungwi. Nani ataiba hapo?

Osmo akatia mkono kwenye suruali ya Eerik Salmenoja, mtunza ufunguo wa Halla.

Ufunguo wenyewe ulikuwa kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta. Bila muhuri wake, hakuna programu mpya inayoingia kwenye Halla yoyote. Ndani ya simu ile kila kitu kilikuwa wazi, mtu asome, arekebishe, aharibu akipenda. Isipokuwa programu ya kamera. Hiyo ilitengenezwa na Dressler, imefungwa, haisomeki. Eerik ndiye aliyewabembeleza wenzake waikubali, maana bila hiyo picha zilitoka kama zimepigwa ndani ya supu.

Leo Dressler alikuja na toleo jipya lenye sikio ndani yake. Likipata muhuri, litawasikiliza maelfu ya watu waliochagua Halla ili wasisikilizwe.

Osmo akaacha mfukoni kijiti bandia alichokuja nacho, cha kweli akakitumbukiza ndani ya buti lake. Bastola yake ya Glock aliiacha garini. Sauna huingii na chuma.

Akavua, akaingia kwenye joto.

"Ulikuwa unaogopa nini huko?" Eerik alimcheka, akimwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukapanda. Dressler alikuwa benchi la chini, mwekundu kama soseji.

"Sijaizoea ile kamera iliyofungwa," Osmo alisema.

"Acha we! Nyumba nzima iko wazi, chumba kimoja kimefungwa. Muhimu umjue mwenye chumba."

"Na wewe unamjua?"

"Nimeoga naye. Unataka nini zaidi?"

Osmo akatazama mawe.

Dressler akainuka. "Joto limenishinda, jamani."

"Mapema hivi? Bibi yangu anakushinda!"

Mlango ukajifunga. Osmo akavuta pumzi chache, akamfuata.

Dressler alikuwa na taulo kiunoni na ThinkPad magotini. Kijiti kilikuwa kimechomekwa. Skrini ilikuwa nyekundu: muhuri umekataliwa.

Akainua macho.

Akamrushia Osmo kompyuta na kukimbilia nje, peku, juu ya ziwa lililoganda. Hakuliona tundu la barafu wanamojitosa waogaji.

Chubwi!

Osmo akamvuta kwa kwapa. "Baridi hii ni dawa ya damu, bwana."

Wavuvi wawili waliokuwa wamekaa kwenye barafu wakazitupa ndoana kando, wakatoa pingu.

Chumbani, Eerik alisimama akifuka mvuke, suruali yake mkononi.

"Alinipekua?"

"Ndiyo."

Osmo angeweza kuishia hapo. Akainama, akatoa kijiti kwenye buti.

"Na mimi pia. Kabla yake."

Eerik alikipokea bila kukitazama. "Ungeniomba, ningekupa."

"Niliamriwa nisikuombe."

"Osmo ndilo jina lako?"

Osmo akachukua shati lake.

"Kamera ile naitoa leo," Eerik alisema. "Picha ziwe supu." Akarudi kwenye joto, peke yake.

Osmo akavaa. Ndani ya koti lake, kama kila Jumamosi, kilikuwemo kitambulisho cha serikali, chenye jina lake la kweli. Hakuwahi hata kufikiria kukificha. Mwaka mzima kilikuwa kikining'inia pale kwenye msumari, na hakuna mkono uliowahi kukigusa.

Akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu hadi kwenye Volvo yake. Hakugeuka nyuma.