Wiki ya Q

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na ua ukishafagiwa, Irène aliketi na mama yake kwenye baraza la nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Jabe, akachukua kipande cha mkaa na kuchora herufi moja sakafuni. Irène alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Adélaïde, alikuwa amevuka thelathini, na tangu walipokimbilia Bujumbura kutoka Uvira aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Hakuwahi kukaa kwenye dawati. Alikuwa ameanza masomo ya jioni parokiani, lakini mapigano yaliposogea karibu na mji, watu walikatazwa kutembea mara tu giza linapoingia. Ndipo mwalimu Fortunat alipowaambia wanafunzi wake wazima: kila mmoja atafute mwalimu ndani ya nyumba yake. Herufi moja kwa wiki, isizidi.

Kabla ya somo mama alifumba macho. "Bwana, akili yangu ni shamba lililolala miaka mingi. Lilime taratibu, usilichoke." Irène aliitika amina upesi upesi.

Haukupita muda, nyumba ile ikaacha kuhesabu siku kama watu wengine. Mvua iliyong'oa bati ilinyesha wiki ya D. Risasi zililia milimani wiki ya G, wakalala sakafuni hadi asubuhi. M ilipofika, mama aliinua uso akavitazama vilima vilivyo juu ya mji. "Kumbe miaka yote hii mi naishi chini ya herufi," alisema, akacheka peke yake. Hata jirani yao Mwanvua aliambukizwa mtindo huo.

"Mume wangu alipanda boti ya Kigoma wiki ya J," alisema siku moja kutoka ng'ambo ya ua. "Akichelewa mpaka T, atakuta kufuli mlangoni."

Kwa mama, wiki zilikuwa fupi kama pumzi. Kwa Irène zilitambaa. Kila Jumamosi rafiki yake Sephora alisimama njiani na kamba ya kurukia, akimngoja.

"Mwalimu Irène," aliita kwa sauti ya kuimba, "huyo mwanafunzi wako ataota mvi kabla ya kufika Z."

Watoto wengine walicheka. Irène hakucheka. Walikuwa wamemaliza P, na herufi iliyofuata ilikuwa Q. Akatafuta kichwani neno moja la Kiswahili lenye herufi hiyo, hakulipata. Basi hii ina kazi gani? akajiuliza. Akachora R.

"Baada ya P inakuja hii," alisema bila kumtazama mama.

Mama aliifuatisha kwa kidole, mara tatu, kwa heshima kubwa.

Z ilipomalizika, mama alikaanga ndagala akawaita majirani. Mwalimu Fortunat naye alipita kumpongeza. "Herufi zote, Irène?" aliuliza.

"Zote, mwalimu."

Mwalimu huyo ndiye aliyempelekea mama habari ya kazi. Depo moja, ghala la bidhaa karibu na bandari, ilitafuta mtu wa kupanga katoni za sabuni na mafuta. Kila mfanyabiashara alikuwa na herufi yake, iliyopakwa rangi kwenye katoni, na kila herufi ilikuwa na safu yake. Msimamizi wa depo, Bwana Massoudi, alimwuliza mama swali moja tu: "Herufi unazijua?" Mama akajibu kwamba anazijua zote. Akapewa wiki ya kujaribiwa. Njia ya kwenda kwa wavuvi, nje ya mji, ilikuwa haiaminiki tena, na meza yake ya ndagala sokoni ilikaa tupu siku nyingi. Wiki ile ndiyo iliyokuwa tumaini la nyumba.

Siku ya nne mama alirudi mapema, akaketi kizingitini na viatu mguuni.

"Leo zimekuja katoni zenye O," alisema. "Zingine zilikuwa O ila rangi imeteleza chini kidogo. Nikafikiri mpakaji alitikisika mkono. Nikaziweka pamoja. Lori la mwenye O likabeba zote, likakamatwa getini. Wanaume wameshusha katoni moja moja juani. Bwana Massoudi amesema mbele ya wote kwamba nilimdanganya, najifanya najua herufi. Kesho nisirudi." Akamtazama binti yake. "Mwanangu, mi sikumdanganya. Au nilimdanganya?"

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini swali la mama lilikaa pale kati yao likingoja jibu.

"Apana, mama. Mi ndiye nilidanganya. Hiyo si O. Ni Q. Niliiruka."

Mama alivua viatu, kimoja kimoja, akasema, "Kesho utamwambia yeye mwenyewe. Mi nitasimama kando yako tu."

Asubuhi Bwana Massoudi, mzee mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono, alimsikiliza Irène hadi mwisho.

"Nimeachisha kazi watu wengi," alisema, "lakini mwalimu wa kimo hiki, bado sijapata kumwachisha." Halafu uso ukawa mzito. "Mama yako nilimwita mwongo mbele ya wafanyakazi. Basi na we sema mbele ya hao hao."

Wabebaji waliitwa. Irène alisema yote mbele yao, kuanzia P hadi R. Bwana Massoudi akamgeukia mama. "Mama Irène, samahani. Neno lile nalirudisha." Akampa Irène chaki. "Fundisha. Hapa hapa."

Irène alipiga magoti kwenye saruji akaichora Q kubwa, mkia wake ukionekana wazi. Mama akachora ya pili kando yake. Kisha akaenda kwenye rundo ambalo halijapangwa, akatazama bila haraka, akavuta katoni moja, akavuta nyingine, mpaka zote za Q zikakaa katika safu yake.

"Maliza wiki yako, mama," alisema Bwana Massoudi. "Na inayofuata njoo pia."

Mama alimsindikiza Irène mpaka getini.

"Ulitaka kuokoa Jumamosi moja," alisema. "Ile wiki uliyoiruka haikufa, mwanangu. Ilitutangulia hapa ikatungoja na fimbo. Anayejifunza humwamini anayemfundisha kama kipofu anavyomwamini anayemshika mkono. Ukimpitisha njia ya mkato, yeye ndiye anayejikwaa. Lakini ukweli umeusema kwa mdomo wako, na Mungu ametupa nafasi. Sasa nenda shule, kengele haingoji mtu."

Irène aliondoka mbio. Jioni ile lori la mwenye Q lilipita getini limejaa, wala hakuna aliyelirudisha.